Bunungwe kati ya Makomeno na Mokambo

Yaya yangu Victorine, dada yangu mkubwa, hajawahi kumaliza kikombe cha chai akiwa amekaa. Anapiga funda moja, anaenda kuchungulia barabarani. Funda la pili, anaenda kumgombeza jirani kwa sababu ya takataka. Akirudi, chai imepoa na kosa ni langu. Mimi ni mdogo wake, naitwa Adalbert, nimestaafu kazi ya reli, nyumba yangu iko mtaa wa Makomeno hapa Lubumbashi, na kitu pekee nilichokiomba uzeeni ni kimya. Kimya! Na yaya wa namna hii? Mungu alicheka aliposikia ombi langu.

Nianze na kazi yake, maana mgeni akimwona mara ya kwanza anadhani ni mwendawazimu. Sisi kwa upande wa mama ni Bena Mbushi, ukoo wa mbuzi. Wako pia Bena Ngo, ukoo wa chui. Chui anakula mbuzi, hilo halihitaji shule, basi tangu enzi za mababu sisi na wao ni banungwe, yaani watani. Utani wetu tunauita bunungwe, na hauna huruma hata kidogo. Munungwe wako anaingia kwako bila hodi. Anakamata kuku wako, anavaa koti lako, anakuita mchawi mbele ya wakwe zako, na ruhusa ya kukasirika huna. Ukinuna umeshindwa, umeaibisha ukoo mzima. Kwenye kilio ndiyo balaa kabisa. Familia inalia mpaka sauti zimekauka, munungwe anatokea mlangoni na kumfokea maiti: "Amuka, muvivu weye! Hata leo unalala?" Na mjane, machozi bado yako shingoni, anacheka. Akishacheka anaweza kunywa maji.

Basi Victorine ni bingwa wa hiyo. Anaishi mtaa wa Hewa Bora, lakini wanamwita mji mzima, na ukimkosa kwenye kilio cha chui yeyote ujue ni mgonjwa. Na bingwa wa upande wa pili ni Kasonde. Mrefu, mkavu, anaongea polepole kama katekista anayesoma matangazo, halafu ghafla anauma. Hao wawili walianza kwenye vilio, wakaitwa kwenye harusi, mwishowe wakawa wanapanda jukwaani katika ukumbi wa parokia, watu wanalipa kuingia. Hakuna walichoandika. Anatupa huyu, anadaka yule, hapo hapo, kabla hujafunga mdomo. Marehemu mke wangu alikuwa anasema hao wawili wangeoana wangeuana, na kwa vile hawakuoana wanaishi vizuri.

Kisha ugonjwa wa sukari ukamshika Kasonde. Ukaanza na kidole, ukapanda, hospitali wakamkata mguu juu ya goti. Binti yake Abigaïl anafanya kazi Mokambo mpakani, katika ofisi ya kupitisha mizigo ya malori. Akaja kumchukua baba yake, akaenda naye. Victorine alifunga mzigo siku ile ile aliyosikia. Samaki wakavu, dawa za majani, sijui blanketi. Akampigia simu kumwambia yuko njiani.

Kasonde akamkataza asije: "Victorine, usikuye. Nakulomba."

Nilikuwa nimekaa karibu, nilisikia kwa masikio yangu. Kwa miaka yote hiyo Kasonde hakuwahi kumwita dada yangu kwa jina lake. Mbuzi, ndiyo. Ndevu, ndiyo. Nyama ya sikukuu, ndiyo. Munungwe akikuita kwa jina, utani umesimama, sasa anaongea na wewe kama mtu na mtu, na lazima umsikie. Alikuwa na haya ya ule mguu. Victorine akafungua mzigo wake kimya, samaki tukala sisi, na tangu hapo hakuwa na raha hata dakika moja. Alikuwa anakuja Makomeno asubuhi, anarudi Hewa Bora mchana, jioni yuko Makomeno tena. Nikamuuliza, "Yaya, umepoteza kitu?" Akanitukana.

Walijaribu kutaniana kwa simu. Haikuwezekana. Mtandao ulikuwa unajivuta, Victorine anatupa neno, neno linapotelea Kipushi sijui wapi, Kasonde anajibu wakati yeye ameshatupa lingine, wanagongana. "Utani njo beignet," dada yangu akasema, yaani utani ndio andazi, huku anaitupa ile simu juu ya kiti changu. "Ikipoa, inabakia bunga na mafuta tu."

Ndipo akaja Gauthier. Gauthier ni mkwe wangu, mume wa binti yangu, kazi yake kupanda nguzo na kuvuta fibre, ule waya wa intaneti ya kasi. Ni yeye aliyeniingizia fibre nyumbani bila mimi kuomba, ili wajukuu waniandame na michezo yao. Jumapili moja akatuambia kwamba kuna nyumba ya sanaa mjini imetangaza ufadhili. Wanatafuta wasanii wenye wazo jipya, sanaa ambayo bila intaneti ya kasi haiwezi kuwepo. Vijana walikuwa wameshakimbilia: huyu na dansi ya kamera, yule na michoro inayotembea ukutani.

Victorine alikuwa kwenye funda la pili. Akaweka kikombe chini.

"Hii njo yangu," akasema.

"Wapi!" nikamjibu. "Simu yenyewe unachajiwa na watoto."

"Gauthier, andika. Lupango mbili, moya hapa, ingine Mokambo. Écran hapa, écran kule. Bantu banakaa hapa, bantu banakaa kule. Mi natukana, Kasonde anajibu, palepale. Bunungwe. Hiyo fibre yako inaweza?"

Gauthier akajikuna kichwa akihesabu: nyua mbili, skrini mbili, watu huku na watu kule. "Mama, inaweza. Kama kule pia iko ya kweli."

Na Mokambo ilikuwepo, kwenye ofisi ya Abigaïl, kwa ajili ya makaratasi ya malori. Bosi wake alikubali kuwaachia laini kwa majaribio tu. Zaidi ya hapo lazima walipie laini yao, vifaa vyao, kila kitu, na pesa hiyo hakuna kati yetu aliyekuwa nayo. Bila ufadhili, majaribio yakiisha na écran inazimwa.

Nilimwambia dada yangu asijitie presha bure kwa ajili ya tamasha. Alinitazama kama vile nimemtemea mate. "Tamasha gani? Adalbert, Kasonde eko nakufwa kule, na hakuna hata muntu moya wa kumutukana. Banamuhurumia tu. Asubuhi banamuhurumia, mangaribi banamuhurumia. Uliisha kuona chui ya kuhurumiwa?"

Nikaenda kumsaidia Gauthier kuvuta waya.

Kasonde alikubali, kwa sharti moja: kamera imshike kuanzia kifuani kwenda juu. Jaribio la kwanza lilikuwa aibu tupu, sauti inafika kabla ya mdomo. Jaribio la pili umeme ulikatika. Victorine alikuwa anazunguka uani kwangu mpaka nyasi zikachakaa, anashika waya, anaachia, anamuuliza Gauthier kitu kile kile. "Yaya, kaa!" nikampigia kelele. "Kaa weye, tangu kuzaliwa kwako unakaaka tu!" Gauthier akabadilisha waya, akabadilisha kisanduku cha intaneti, akaleta betri. Halafu siku moja Victorine akatupa tusi, na Kasonde akamrudishia papo hapo, sawasawa kama zamani kwenye ukumbi wa parokia. Dada yangu akashika mdomo kwa mikono miwili. Alilia, nasema wazi, na aliyemletea kitambaa ni mimi.

Wafadhili wakaipenda karatasi ya maombi aliyoandika Gauthier, wakasema watakuja kuona kwa macho. Wakati wa kungojea siku hiyo ndio ulionizeesha. Yaya alilala kwangu, alifagia ua uliokwisha kufagiwa, aligombana na muuza makaa, muuza maji, na padri. Hata mimi nikaanza kuamka naangalia ile taa ndogo ya kile kisanduku kama inawaka. Nikaona haya mwenyewe.

Jumamosi alasiri wakafika. Kiongozi wa jury, yaani jopo la waamuzi, alikuwa Madame Michelle, mwanamke wa hapa hapa Lubumbashi, wazazi wake walitoka Kasaï, amesoma mbali, sauti yake laini, viatu vyake havikupenda vumbi langu. Alikuja na wenzake wawili wenye madaftari. Tulitandika turubai, majirani wakajaa mpaka juu ya ukuta. Kwenye écran tukaona Mokambo, ofisi imejaa madereva wa malori, na katikati Kasonde, shati jeupe, amenyolewa vizuri. Nyuma ya kiti chake alisimama Chola, mpwa wake, mtoto wa dada yake.

Kasonde akaanza, kwa ile sauti yake ya matangazo ya misa. "Makomeno, yambo. Naona leo mbuzi imevaa bilamba. Nani aliivalisha?"

"Ule mwenye kukungoa meno," Victorine akamjibu.

"Meno iko. Niliacha tu kutafuna mbuzi ya kuzeeka. Nyama yake inabakia mu meno kama kamba."

"Bongo, mwongo weye! Abigaïl aliniambia, munganga alikukataza nyama. Unakula sombe! Asubuhi sombe, mangaribi sombe! Bandugu, chui anakula majani. Sasa kati yetu, nani njo mbuzi?"

Mama yangu! Madereva kule Mokambo walianguka juu ya meza. Jirani yangu aliteleza ukutani, na chini bado anacheka. Kasonde mwenyewe alitikisa kichwa, akafuta macho, akangoja kidogo tu, kama anavyojua kungoja, halafu akawageukia wageni. "Na bale bakubwa benye kukaa mu biti ya mbele, kimya bile, banaandika. Madame, nani amekufwa?"

Madame Michelle alicheka mpaka akavua miwani. Viatu vyake alishavisahau. Waliendelea vile, hapa na kule, na ningefunga macho nisingejua kwamba kati yao kuna barabara nzima ya mashimo na malori. Nilimtazama dada yangu. Alikuwa amenyooka, amependeza, kama msichana. Nilifurahi. Nilikasirika pia, sijui na nani.

Ilipokwisha, jury wakaingia sebuleni kwangu kujadiliana. Écran tuliiacha wazi. Kasonde alikaa kule ananywa maji, Victorine huku anazunguka, anakuja mpaka mbele ya kamera, anaondoka, anarudi.

"Mbuzi, umefungwa kamba?" Kasonde akamuuliza.

"Nyamaza, weye."

Madame Michelle akatoka. Alikuwa na furaha usoni, lakini alikuwa anashika vidole vyake kimoja kimoja. Akasema ni kazi nzuri kuliko zote walizoona. Akasema wanataka kuifadhili msimu mzima, na laini kule Mokambo italipwa, vifaa vitalipwa. Watu wakaanza kupiga makofi. Akainua mkono.

"Mama Victorine, kuna kitu moya. Tulisemezana na binti ya Papa Kasonde, alituambia hali ya afya yake bila kuficha. Sheria yetu haituruhusu kuweka projet ya msimu muzima juu ya muntu mwenye kugonjwa sana. Tunaomba upande wa kule kuwe muntu mwenye nguvu. Papa Kasonde atabakia mushauri, jina yake itaandikwa mbele. Na tunaweza kurekodi sauti yake."

Nitasema haki: hakusema kwa ubaya. Alikuwa na wakubwa wake, na wakubwa wake wana wakubwa wao. Lakini pale uani kwangu ilikuwa kama mtu amemwaga maji ya baridi kwenye moto wa kupikia.

"Kurekodi?" Victorine akasema. "Banamurekodi mwenye kufwa. Huyu eko, anakuangalia! Bila Kasonde hakuna projet. Rudisheni franga yenu kwenye ilitoka." Na akaenda moja kwa moja kwenye kile kisanduku, akashika waya. Gauthier akapiga kelele. Mimi nilibaki nimesimama kama nguzo. Nilijua akiuvuta, imekwisha, hatarudi nyuma hata umpigie magoti.

"Mbuzi!"

Sauti ya Kasonde ilitoka kwenye maspika ikajaa ua mzima. Victorine akageuka, waya bado mkononi.

"Mbuzi, acha kamba ya bantu. Hiyo projet ni yako?"

"Ni yangu."

"Aksanti. Nimeichukua." Aliongea taratibu, kila neno na nafasi yake. "Munungwe anachukua, mwenye kintu anacheka. Au nimesema bongo? Nimeichukua na nimemupa Chola. Chola eko na miguu mibili, na ule mudomo nilimutia miye. Utatukanana naye. Weye hauna mudomo ya kukataa. Cheka."

Chola nyuma ya kiti alikuwa ameinamisha uso.

"Mbuzi, nimesema cheka. Bantu banakuona."

Na akacheka. Ee Mungu, kicheko kile! Kilitoka tumboni kwa nguvu, mdomo wazi, mikono kiunoni, kama inavyotakiwa, kama mama yetu alivyomfundisha, na hakuna tone la machozi lililoanguka kwa sababu haliruhusiwi. Majirani walioelewa waliangalia chini. Wale wawili wa madaftari walipiga makofi, walidhani ni kipande cha mchezo. Nilitamani kuwarushia kiti.

Madame Michelle hakupiga makofi. Akanisogelea, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Papa Adalbert, amekubali?"

"Amecheka," nikamwambia. "Kwetu hiyo ni kukubali."

Victorine alikuwa amekwisha kuacha waya. Akaenda mbele ya kamera, karibu kabisa, nadhani kule Mokambo uso wake ulijaa ukuta mzima.

"Chui. Umeniita mbuzi mbele ya bantu. Umechukua kintu yangu mu sheria ya bunungwe. Nimecheka. Sasa sikia na weye: mbuzi haigongake mulango."

Nikaona uso wa Kasonde unabadilika. Alielewa kabla yangu. Akainua mkono kumwita binti yake, akasema, "Abigaïl, funga! Funga hii kintu!" na écran ikawa nyeusi.

Tuliondoka kesho yake asubuhi kwenda Mokambo, yeye na mimi. Sikuweza kumwacha aende peke yake na hasira ile. Ndani ya gari hakunyamaza: alimlaumu dereva, alilaumu vumbi, alilaumu wapishi wa njiani. Tulipokaribia Mokambo akanyamaza, na hapo ndipo mimi nikaanza kuogopa. Je, akimwona na akalia? Kulia mbele ya mguu ule, baada ya Kasonde kumwomba asije, kungekuwa kumzika kabla ya siku yake. Nilimnong'oneza, "Yaya, twende kwanza tumtafute Abigaïl." Hakunisikia hata kidogo.

Lango la lupango, ua wa nyumba ya Abigaïl, lilikuwa limerudishiwa tu. Alilisukuma kwa bega akaingia. Hakubisha hodi.

Kasonde alikuwa amekaa juani karibu na ukuta, amevaa singleti na kaptula. Kipande cha mguu kilikuwa kimelala juu ya kigoda, wazi, kinapata joto. Alituona. Mkono ukaenda haraka kutafuta shuka, shuka ilikuwa mbali, kwenye kamba ya nguo. Akabaki na mkono wake hewani. Sijapata kuona mtu mzima anavuliwa nguo namna ile akiwa amevaa.

Victorine alisimama mbele yake. Hakuangalia pembeni, aliuangalia ule mguu ulipokatikia, akauangalia vizuri, kama mtu anayekagua nyama sokoni. Nikasema moyoni, basi, analia.

"Eh!" akasema kwa sauti ya kuamsha mtaa. "Eh, chui! Kumbe mbuzi ya Mokambo iko na meno makali bile!"

Kasonde alimtazama. Kifua kilikuwa kinapanda na kushuka, na mimi nilikuwa nimeshika lango kwa mikono yote miwili. Kisha kitu kikamtoka, sijui ni kikohozi au ni nini, kikageuka kicheko, kikamshika mpaka akashikilia ukuta. Abigaïl akatoka jikoni mbio na mwiko mkononi, akidhani baba yake anakufa.

"Ilikula moya ikashiba," Kasonde akasema, akiwa bado anahema. Akaunyoosha ule mguu mzima mbele yake, akaupigapiga kwa kiganja kumkaribisha. "Hii ya pili nilikuwekea weye. Kuya, mbuzi. Kuya ukule."

Nilitoka nje ya lupango, nikasimama nyuma ya lori la mtu, nikalia.